Muhogo Ulifika Rejaf, Nazi Ikabaki Pwani

Ukitoka Juba ukafuata ukingo wa magharibi wa Nile kuelekea kusini, kilima cha Rejaf unakiona kabla hujafika: chembamba, chenye ncha, kimesimama peke yake kwenye nchi tambarare. Wabari walilima na kufuga chini yake muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kukitia kwenye ramani. Wageni walikijua kwa sababu ya mto. Meli za mvuke kutoka Khartoum ziliweza kupanda mpaka hapa, zikakoma, kwa kuwa juu ya Rejaf maji yanaingia kwenye miamba na maporomoko, kuanzia Bedden hadi Fula karibu na Nimule. Aliyekuja kwa maji alishuka hapa akaanza kutembea. Aliyekuja kwa miguu kutoka Kongo au Uganda, hapa ndipo alipopata mto wa kumbeba.

Ndiyo maana vitabu vinavyoitaja Rejaf vimejaa majina ya makamanda, magavana na wawindaji wa pembe. Majina hayo nitayataja, maana hayaepukiki. Lakini ninachotaka kukisimulia ni chungu. Majeshi yote yaliyopita hapa yalikuwa na matumbo, na matumbo hayo yaliacha mashambani alama iliyodumu kuliko ngome.

Chungu chenyewe ni hiki. Vipande vya muhogo, viazi vitamu na magimbi vinachemshwa kwa tui la nazi, vinatiwa sukari, iliki na chumvi kidogo tu, kisha zinaongezwa punje za tapioka, ambazo nazo ni wanga wa muhogo, na chakula kinaliwa kingali moto. Msomaji wa Tanga, Lamu au Unguja atakitambua mara moja kuwa ni ndugu wa futari. Huko muhogo wa nazi unaweza kuwa wa chumvi leo, na kesho vikapikwa viazi vitamu au ndizi mbivu kwa sukari na iliki, na mwezi wa Ramadhani ukiingia hakuna nyumba inayouliza kama kuna haja. Upande wa pili wa bahari wanacho pia. Katika visiwa vya Visaya, Ufilipino, kinaitwa binignit na hupikwa hasa Wiki Takatifu ya Wakristo. Malaysia wana bubur cha cha, yenye viazi vitamu, magimbi na vipande vya wanga vya rangi.

Sasa kichukue chungu hicho ukipeleke Rejaf. Muhogo upo. Viazi vitamu vipo. Nazi haipo.

Kukosekana kwake kuna sababu ya kwanza iliyo rahisi. Mnazi unataka joto lisiloshuka na unyevu karibu mwaka mzima. Rejaf ina joto la kutosha na la ziada, lakini kuanzia Desemba hadi Machi mvua hukatika, nyasi hukauka na upepo huwa mkavu. Mti wa jamii hiyo unaostawi huko ni mvumo, wenye matunda makubwa ya rangi ya machungwa, na mvumo hautoi tui. Mnazi wa Afrika Mashariki ni mti wa bahari tangu asili yake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 uligawa minazi ya dunia katika makundi mawili makuu, la Bahari ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi, na ukaonyesha kwamba minazi ya Madagaska, Komoro na pwani yetu imechanganya damu za makundi yote mawili. Hiyo ni alama ya mabaharia waliovuka kutoka visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki. Mnazi ulikuja kwa chombo, ukapandwa mchangani, ukaridhika hapo.

Muhogo ni msafiri wa tabia nyingine. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kandokando ya bonde la Amazon, na Wareno ndio waliouvusha Atlantiki katika karne ya 16 wakauleta nchi ya Kongo. Kutoka hapo haukuhitaji Mreno tena. Watu waliupokezana kwa vijiti, maana muhogo hupandwa kwa kukata shina lake: mgeni huondoka shambani kwa mwenyeji na fungu la vijiti begani, akafika kwao akavichomeka ardhini, kazi imekwisha. Kijiji kwa kijiji ukapanda mto Kongo na matawi yake ukielekea kaskazini mashariki. Pwani yetu ilipata wa kwake kwa mlango tofauti. Karne ya 18 Wafaransa waliupanda katika visiwa vya Bourbon na Mauritius kulisha watumwa wa mashamba, na kufikia karne ya 19 ulikuwa umeenea Unguja. Richard Burton, aliyekaa Unguja mwaka 1857, aliukuta ukiwa chakula cha maskini na watumwa. Watumwa wa mashamba ya karafuu walipewa siku mbili za juma, aghalabu Alhamisi na Ijumaa, kulima viwanja vyao wenyewe, na walichokilima zaidi kilikuwa muhogo. Hili halifai kupitwa haraka. Nadhani utamu wa muhogo wa nazi ulipatikana jikoni mwa watu walioruhusiwa kujilisha siku mbili tu kwa juma, nao wakatumia nazi iliyoanguka karibu.

Kupika wanga ndani ya kitu cheupe chenye mafuta kulikuwepo pwani hata kabla ya muhogo. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa chakula, na miongoni mwa alivyovieleza ni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Ondoa ndizi utie muhogo, ondoa maziwa utie tui, na mpishi hajabadilisha mkono wake.

Kwenye Nile ya juu shahidi wa mapema ni Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Riga. Mwaka 1870 alisafiri na wafanyabiashara wa pembe kutoka Khartoum, akapita nchi ya Wazande akafika kwa Munza, mfalme wa Wamangbetu, karibu na mto Uele. Huko alikuta migomba, viazi vitamu na muhogo. Kwa hiyo miaka 18 kabla ya jeshi la Mahdi, kiongozi wa dini aliyeuasi utawala wa Misri nchini Sudan, kuiteka Rejaf, muhogo ulikuwa tayari kwenye ukingo wa juu wa bonde la Kongo, na kutoka hapo hadi Nile ni safari ya majuma machache kwa miguu. Wazande wenyewe nafaka yao kuu ilikuwa ulezi, lakini muhogo ulikuwa umeshaingia shambani mwao ukisubiri mwaka mbaya.

Pwani na Rejaf zilikuja kukutana kwa njia ya ajabu, na sehemu hii ya historia nitaieleza kwa urefu kwa sababu naona haijasimuliwa ipasavyo kwa Kiswahili, ingawa Waswahili ndio walioibeba mabegani.

Mwaka 1878 Emin Pasha, daktari kutoka Silesia aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, alifanywa gavana wa jimbo la Ikwatoria chini ya serikali ya Misri. Makao yake yalikuwa Lado, mwendo mfupi kaskazini ya Rejaf, na Rejaf ilikuwa mojawapo ya ngome zake. Vita vya Mahdi vilipoikata njia ya Khartoum, Emin aliondoka Lado mwaka 1885 akahamia Wadelai, kusini zaidi. Kikosi chake cha kwanza kilichokuwa Rejaf kilikataa kumfuata na kikaacha kumtii. Ulaya ikapata habari kuwa kuna gavana amekwama katikati ya Afrika, na Henry Morton Stanley akapewa kazi ya kwenda kumwokoa.

Stanley alikuja Unguja kutafuta watu. Mwezi Februari 1887 aliondoka bandarini kwa meli akiwa na wapagazi wapatao 600, wengi wao Waunguja, pamoja na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na jamaa zake. Walizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Kongo, wakapanda mto hadi Yambuya, kwenye mto Aruwimi. Hapo Stanley aliugawa msafara. Yeye akaingia msitu wa Ituri na sehemu moja. Nyingine akaiacha kambini chini ya Meja Barttelot kungojea wapagazi zaidi.

Wale walioachwa Yambuya chakula chao kilikuwa muhogo. Kuna muhogo mtamu, unaomenywa, unachemshwa na kuliwa, na kuna muhogo mchungu, ambao ndani yake mna kwa wingi kemikali inayoitwa linamarini. Muhogo unapokatwa au kukwaruzwa, kimeng'enya kilicho ndani yake hukutana na linamarini hiyo na kuzaa sayanidi. Ukiloweka mizizi siku kadhaa, ukaiponda na kuianika, sumu huondoka na maji na hewa. Ukiila mbichi au ukaichoma tu, sumu inabaki. Wanawake wa msitu wa Kongo walilijua hili tangu zama za mababu zao. Wapagazi kutoka kisiwani, nadhani, waliona muhogo wakaona chakula cha nyumbani, wakaula kama walivyozoea. Stanley aliporudi nyuma na kuwakuta waliobaki huko Banalya tarehe 17 Agosti 1888, Barttelot alikuwa ameshapigwa risasi na kuuawa, na watu wengi walikuwa wamekufa au wamebaki mifupa na vidonda. Stanley mwenyewe alitaja muhogo usioandaliwa vizuri kuwa miongoni mwa vilivyowaua.

Hao walikuwa watu waliolelewa kwa muhogo wa nazi. Waliuliwa na mmea waliouamini, kwenye msafara wa kumfuata gavana ambaye Rejaf ilikuwa mojawapo ya ngome zake, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari za mishahara. Nikisoma habari za msafara huo, naona kurasa nyingi juu ya ugomvi wa maofisa wa Kizungu na chache mno juu ya hili.

Wakati huohuo Rejaf yenyewe ilianguka. Oktoba 1888 majeshi ya Mahdi yalifika kwa meli za mvuke kutoka kaskazini yakaiteka. Emin, aliyekuwa ameshikwa na askari wake walioasi, aliachiliwa, akaondoka na Stanley mwaka 1889 pamoja na mamia ya watu wake: askari, makarani, wake, watoto, watumishi. Walitembea kupitia nyanda za maziwa na Unyamwezi hadi wakatokea Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Watu waliozaliwa kwenye mtama na samaki wa Nile wakajikuta chini ya minazi. Usiku uleule, kwenye karamu ya maofisa wa Kijerumani, Emin alianguka kutoka dirishani akaumia vibaya, na habari hiyo ikafunika zote. Hakurudi tena Ikwatoria. Aliuawa Kongo mwaka 1892.

Waliobaki nyuma walikuwa wengi zaidi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alikwenda Kavalli, karibu na ziwa Albert, akamkuta Selim Bey na askari wa Emin wakiwa na maelfu ya jamaa na wafuasi wao, akawachukua kuitumikia himaya ya Kiingereza Uganda. Wajukuu wa watu hao ndio Wanubi wa Bombo na Arua nchini Uganda, na wa Kibera nchini Kenya. Lugha yao, Kinubi, imezaliwa kwenye ngome zilezile zilizozaa Kiarabu cha Juba, na mtu wa Juba na Mnubi wa Kibera wanasikilizana mpaka leo. Wanubi ni Waislamu. Kenya walijifunza Kiswahili, wakafunga Ramadhani pamoja na Waswahili, na mezani pao gurusa zao za unga zikakaribishana na vyakula vya nazi. Kwa hiyo kama unataka kumpata mtu wa Nile ya juu aliyekutana na nazi zamani, usimtafute Rejaf. Mtafute kwa waliotoka.

Huko nyuma Nile, muhogo ulikuwa unakaribia kwa njia yake. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji ukanda wa magharibi wa mto, ulioitwa Lado. Kuukalia ilibidi kwanza kuwaondoa watu wa Mahdi. Misafara miwili ilitumwa. Ule mkubwa, wa Baron Dhanis, ulipita Ituri ukasambaratika njiani Februari 1897, askari wake wa Kitetela walipoasi baada ya njaa na mateso ya msitu. Ule mdogo, wa Louis-Napoléon Chaltin, ulipita kaskazini kwa nchi ya Wazande, ukisindikizwa na wapiganaji wa watawala Renzi na Bafuka, ukalishinda jeshi la Mahdi na kuiteka Rejaf tarehe 17 Februari 1897.

Hapo Rejaf ikawa mji wa Kongo kwa miaka 13. Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Leopold, iliwalisha askari wake kwa nguvu za vijiji. Katika sehemu nyingi za nchi hiyo kijiji kililazimishwa kupeleka idadi maalumu ya mikate ya muhogo kwenye kituo cha serikali kila baada ya siku chache, na taarifa ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, ya mwaka 1904 imejaa ushuhuda wa mzigo huo. Sisemi kwamba Chaltin alikuja Rejaf na vijiti vya muhogo mkononi. Nasema kwamba alifungua barabara iliyounganisha mto na nchi ya muhogo, na barabara hiyo haikufungwa tena. Leopold alikufa Desemba 1909, na Juni mwaka uliofuata Lado ikakabidhiwa kwa Sudan iliyokuwa chini ya Waingereza na Wamisri. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikapewa Uganda, ndiyo West Nile ya leo, nchi ambayo mlo wake mkuu umekuwa unga wa muhogo. Meli kutoka Khartoum ziliendelea kuishia Rejaf, na magari yakaanza kwenda Aba, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Kisha Juba ikajengwa miaka ya 1920, ikachukua bandari na ofisi, Rejaf ikabaki na misheni, shule na makaburi.

Kabla haijasahauliwa ilipata siku zake chache za sifa. Aprili 1928 wakuu wa serikali na wamisionari walikutana Rejaf kuamua watoto wa Sudan ya Kusini wafundishwe kwa lugha gani. Mtaalamu wa lugha Diedrich Westermann alikuwepo kuwashauri. Wakachagua lugha kadhaa, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluk, Kilotuko na Kizande. Kiarabu cha sokoni hakikupewa darasa, nacho kikaendelea kukua palepale kilipozaliwa, kwa wanawake wa soko na askari. Ndani yake muhogo ni bafra, na majani yake, yaliyotwangwa na kuungwa kwa karanga, ni pondu, kama wasemavyo Kongo. Hakuna mkutano uliopanga hilo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe ndivyo vilivyoupa muhogo cheo. Mtama hukomaa kwa pamoja na huvunwa kwa pamoja, na ghala lake huonekana. Jeshi likija linauchukua au linauchoma. Muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi, ukichimbwa mzizi mmoja leo na mwingine juma lijalo. Kuanzia 1955 hadi 1972, na tena kuanzia 1983 hadi 2005, watu wa Ikwatoria walikimbilia msituni, Uganda, Kongo na Kenya. Aliyerudi na kukuta shamba lake limeota magugu aliweza bado kukuta mizizi chini yake. Na aliyekuwa Uganda au katika kambi ya Kakuma, Kenya, alirudi na Kiswahili. Sudan Kusini ilijitawala tarehe 9 Julai 2011, na mwaka 2016 ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba ilikamilika mwaka 2012, na malori ya Mombasa yakawa yanapita Malaba, Gulu na Nimule hadi masoko ya Juba. Vita vya Desemba 2013 na Julai 2016 viliwarudisha wengi ukimbizini, lakini barabara imebaki kuwa mshipa wa mji. Sasa nazi ya Kilifi na muhogo wa Rejaf vimeunganishwa na barabara moja. Safari hiyo, hata hivyo, inamfanya mnunuzi wa nazi Juba awe mtu mwenye fedha.

Basi mtu wa Rejaf akitaka chungu hiki afanye nini?

Aanze na tapioka, ambayo hana haja ya kuinunua. Muhogo mtamu unamenywa, unaoshwa, unakunwa kwenye bati lililotobolewa kwa msumari. Kilichokunwa kinatiwa maji mengi, kinavurugwa kwa mkono, kinakamuliwa kwa kitambaa safi juu ya beseni. Maji yanayotoka ni meupe mazito. Yaache yatulie kwa saa chache, na chini ya beseni utakuta tabaka la wanga limeganda gumu kiasi kwamba kidole kinaliminya kwa shida, na ukilitikisa linalegea tena. Mwaga maji ya juu, osha wanga kwa maji mapya, uache tena utulie, umwage. Wanga ukiwa bado na unyevu, usugue kwenye chujio uanguke chembechembe juu ya ungo. Zizungushe kwa kupeta polepole, nazo zitajiviringa zenyewe kuwa punje. Mwisho zipitishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, mpaka ngozi yake ishikane, kisha zianike juani zikauke. Zikiingia kwenye maji ya moto hugeuka kutoka nje kwenda ndani, zikawa angavu, na kitone cheupe kikabaki katikati. Hapo chungu huepuliwa kikafunikwa, na kitone hicho humalizika kwa joto la chungu chenyewe.

Tui ndilo swali. Ikwatoria yote huunga mboga na uji kwa karanga au simsim, na ina lulu, mafuta ya mti unaomea wenyewe kwenye mbuga zake, laini kuliko yale ya Afrika Magharibi. Karanga nayo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, bara lilelile la muhogo. Chagua karanga zisizo na ukungu hata kidogo, maana ukungu wake una sumu inayoharibu ini na haiondoki kwa kupikwa. Ziloweke usiku kucha, toa maganda, zitwange au zisage laini na maji, zichuje kwa kitambaa kama unavyochuja nazi. Maji ya kwanza ni mazito, yaweke kando. Ya pili ni mepesi, hayo ndiyo ya kuchemshia mizizi. Muhogo unatangulia, magimbi yanafuata, viazi vitamu mwisho kwa kuwa huiva upesi. Kisha tapioka, sukari, chumvi, na iliki ukiipata. Tui zito linaingia mwishoni. Hapa karanga inatofautiana na nazi: tui zito la nazi halitaki kuchemka sana lisije likakatika, lakini la karanga lazima lichemke vizuri, huku ukikoroga bila kuacha, kwa sababu hushika chini na hufurika ghafla. Ladha yake ni nzito kuliko ya nazi na haina harufu ya bahari. Kwangu mimi viazi vitamu hufaidi zaidi kwa karanga. Magimbi ndiyo yanayoikosa nazi.

Vitabu vyetu vya mapishi ya Kiswahili vinaishia pale minazi inapoishia. Kiswahili chenyewe kimeshavuka Nimule, nacho kinasemwa sasa na watu wanaopika kwa karanga, simsim na lulu. Nawaomba waandishi wa vitabu hivyo wafike Juba, Rejaf, Arua na Kibera, waketi na wanawake wazee waliolishwa kwa bafra wakati wa vita na wale wa Kinubi waliorithi jiko la ngome za Emin, waandike wanavyopika na vipimo vyao. Wengi wa wazee hao wana zaidi ya miaka 70, na kazi hiyo inafaa ianze mwaka huu.